Siri ya mtihani ifike mwisho lini?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: nani ana haki ya kuona mtihani sanifu wa shule, na baada ya muda gani. Nimechagua tano. Nilitunga na kusahihisha maswali ya hisabati ya mitihani ya aina hiyo kwa miaka mingi, na nilikula kiapo cha kutunza siri. Kiapo hicho bado nakiheshimu. Wasomaji wajue hilo kabla hawajasoma majibu yangu, maana mahali pengine nitawatetea watunza siri na mahali pengine nitawapinga.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu hajawahi kushuka chini ya nafasi ya tatu katika hisabati, lakini matokeo ya mtihani wa mwisho yamekuja na alama ambayo hata walimu wake wameshindwa kuielewa. Shuleni nimeambiwa niwaandikie wanaoendesha mtihani. Nimewaandikia, nao wamenijibu kwa mstari mmoja kwamba karatasi za mtihani ni siri. Ni siri kwa nani, na mtihani umekwisha? – Mzazi aliyenyimwa

Marahaba. Pole kwa hilo, na usikate tamaa, kwa sababu naona ombi lako lilikuwa halali ila limeandikwa kwa upana uliowapa njia rahisi ya kulikataa. "Karatasi za mtihani" ni vitu vitatu. Kuna karatasi ya maswali. Kuna karatasi ya majibu, ile aliyoandika mwanao kwa mkono wake. Na kuna mwongozo wa usahihishaji, unaosema jibu sahihi ni lipi na kila hatua ina alama ngapi. Ukiviomba vyote kwa jina moja, anayekujibu anaweza kukunyima vyote kwa sababu inayohusu kimoja tu.

Karatasi ya majibu ya mwanao ndiyo yenye utetezi dhaifu kabisa. Ameiandika yeye, inamhusu yeye, na maisha yake yanaamuliwa nayo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua jambo hili tarehe 20 Desemba 2017, katika shauri la mtahiniwa wa uhasibu kutoka Ireland aliyekuwa amenyimwa karatasi yake. Ilisema majibu ya mtahiniwa, pamoja na maoni ambayo msahihishaji ameyaandika juu yake, ni taarifa binafsi za mtahiniwa huyo. Ila mahakama hiyohiyo ikasema maswali yenyewe si taarifa zake binafsi, na kwamba haki ya kurekebisha taarifa haimpi mtu ruhusa ya kurekebisha majibu aliyokosea. Mpaka huo nauona wa haki kabisa.

India ilikuwa imeshafika huko. Agosti 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtahiniwa ana haki ya kuona karatasi yake iliyosahihishwa, chini ya sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2005. Jina la msahihishaji likabaki kufichwa, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Msahihishaji akijulikana, atafuatwa nyumbani kwake, wengine kwa vitisho na wengine kwa bahasha.

Sasa ule mwongozo wa usahihishaji, yaani ufunguo wa majibu. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu kuna kisa kimoja ambacho kila mwendesha mtihani angepaswa kukijua kwa kichwa. Mwaka 2000, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, baba mmoja mwanasheria aliomba kuona mtihani wa hisabati ambao binti yake alitangaziwa kuufeli. Nia yake ilikuwa ndogo tu, amsaidie binti kujiandaa kurudia. Akakataliwa kwa hoja ya usalama wa mtihani. Akashikilia, akatishia kwenda mahakamani, na mwishowe akaruhusiwa. Karatasi ilipopitiwa, ikabainika kwamba ufunguo wenyewe ulikuwa na makosa: maswali 6 yalisahihishwa vibaya. Watoto karibu 8,000 walikuwa wameambiwa wamefeli ilhali wamefaulu. Baadhi yao walikuwa mwaka wa mwisho na walikosa mahafali yao.

Fikiria hilo. Mitambo ya kusahihisha ilifanya kazi kama ilivyoagizwa, wakaguzi walikuwapo, bahasha zilifungwa na hakuna aliyeiba chochote. Kosa lilikaa ndani ya chumba kilicholindwa vizuri, na lingeendelea kukaa humo kama mzazi mmoja asingekuwa mwanasheria. Wazazi wengi si wanasheria, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo andika upya, barua fupi yenye maombi mawili yaliyotengana. La kwanza, nakala ya karatasi ya majibu ya mwanao pamoja na alama alizopewa kwa kila swali. La pili, kupitia karatasi ya maswali na mwongozo wa usahihishaji mbele ya ofisa wao, katika ofisi yao, bila simu wala kalamu kama watataka hivyo. Taja sheria ya nchi yako ya kupata taarifa au ya kulinda taarifa binafsi, kama ipo. Uliza pia muda wa mwisho wa kukata rufaa na uombe jibu kabla ya siku hiyo. Wakikataa, waombe waeleze kwa maandishi ni kipi kati ya hivyo kinachofichwa, kwa kifungu gani, na hadi tarehe gani. Neno "siri" peke yake lisikutoshe.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha fizikia. Kila mwaka tunaambiwa baadhi ya mitihani haitolewi hadharani kwa sababu maswali "yatatumika tena". Kwangu mimi huo ni uvivu wa kutunga. Kwa nini mtihani usitungwe mpya kila mwaka, ukimalizika ukachapishwa wote na majibu yake, tukafundishie? – Mwalimu wa sekondari

Wako wanaofanya hivyo, na wanafanya vizuri. Maswali ya mtihani wa kumaliza sekondari ya juu nchini Finland hujulikana kwa umma mara mtihani unapomalizika, na walimu na vyombo vya habari huyachambua siku hiyohiyo. Uingereza huchapisha mitihani ya watoto wanaomaliza shule ya msingi baada ya juma la mtihani kupita. China hulinda mtihani wa kuingia chuo kikuu kama siri ya dola kabla haujafanyika, na marekebisho ya sheria ya jinai ya mwaka 2015 yanaruhusu kifungo cha hadi miaka 7 kwa wanaopanga udanganyifu. Hata hivyo, mtihani ukishafanyika, maswali yake huzungumzwa nchi nzima, ya insha hasa. Mtihani unaotungwa upya kila mwaka hauna sababu ya kubaki siri baada ya mtahiniwa wa mwisho kuweka kalamu chini. Ninaposema wa mwisho namjumuisha na yule aliyekuwa mgonjwa anayeufanya juma linalofuata. Katika hilo tuko pamoja.

Lakini neno uvivu nalikataa. Hujawahi kuona swali linavyopikwa. Mtungaji analiandika. Jopo la walimu wa somo linalisoma na mara nyingi linalirudisha. Wengine wanalipitia kuona kama lugha yake inambagua mtoto wa kijijini, au wa kike, au asiyeona vizuri. Halafu linajaribiwa kwa wanafunzi halisi, na hapo ndipo wengi tunapofedheheka. Tunatazama ni wangapi wamelipata, na zaidi ya hapo tunatazama ni nani wamelipata. Swali ambalo wanafunzi hodari wanalikosa na wanyonge wanalipata ni swali linaloumwa. Pengine lina majibu mawili sahihi, na ni hodari tu anayeliona hilo la pili. Swali kama hilo linatupwa, hata kama limekula kazi ya miezi. Nimeyaona mazuri mengi yakitupwa.

Sasa sababu yenyewe ya kurudia maswali. Tuseme mtihani una maswali 40. Mwaka jana watoto walipata wastani wa 26 sahihi, mwaka huu wamepata 23. Je, elimu imeshuka, au mtihani umekuwa mgumu? Ukiwa na karatasi mbili tofauti kabisa na watoto tofauti kabisa, huwezi kujua. Ndiyo maana baadhi ya watunzi huweka maswali ya kiungo, tuseme 8, yaliyomo katika karatasi zote mbili. Kama mwaka jana watoto walipata wastani wa 5 kati ya 8 hayo, na mwaka huu wamepata 5 vilevile, basi watoto ni walewale kwa uwezo na kilichobadilika ni ugumu wa maswali mapya. Alama ya 23 ya mwaka huu inahesabiwa kuwa sawa na 26 ya mwaka jana, na hakuna mtoto anayeadhibiwa kwa kuzaliwa mwaka wenye karatasi ngumu.

Yachapishe maswali hayo 8, yafundishwe, kisha yarudi kwenye mtihani. Watoto watapata 7 kati ya 8. Hesabu itasema kizazi hiki kimekuwa hodari mno, takwimu zitatangaza kwamba elimu imepanda, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza zaidi. Yakivuja kwa baadhi ya shule tu ni vibaya zaidi, kwani mtoto ambaye shule yake haikuyaona anapimwa kwa kipimo kilichopotoshwa na wenzake. Mitihani ya kulinganisha nchi na nchi hutegemea maswali ya namna hii. PISA imekuwa ikifanyika tangu mwaka 2000 na TIMSS tangu 1995, kila mmoja kwa awamu za miaka kadhaa. Waendeshaji wake hutoa sehemu ya maswali kila baada ya awamu na kuiacha sehemu nyingine ifichwe ili awamu zinazofuata ziunganike na zilizopita.

Basi nakubaliana na siri hiyo? Ndiyo, lakini nadai iwe na tarehe ya mwisho, na nadai iwepo njia ya mtu wa nje kuchungulia kabla ya tarehe hiyo. Nina sababu.

Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwalazimisha waendeshaji wa mitihani ya kuingilia vyuo kuwapa watahiniwa maswali na majibu sahihi baada ya matokeo. Waendeshaji walilalamika sana, wakisema gharama zitapanda na maswali yatakwisha. Muda haukupita mrefu. Katika mtihani mmoja wa hisabati wa Oktoba 1980 uliofanywa nchi nzima kulikuwa na swali hili, nawe ukiwa mtu wa fizikia utalipenda. Kuna piramidi mbili ambazo kingo zake zote zina urefu sawa. Moja ina kitako cha mraba na nyuso nne za pembetatu. Nyingine ni ya pembetatu tupu, nyuso nne. Ukigandisha uso mmoja wa pembetatu wa ile ya kwanza juu ya uso wa ya pili, vikafunikana sawasawa, umbo linalopatikana lina nyuso ngapi za nje?

Watunzi walihesabu hivi: 5 na 4 ni 9, ondoa mbili zilizogandana, zinabaki 7. Mvulana wa miaka 17 kutoka Florida alijibu 5, akakoseshwa. Alipopata nafasi ya kuliangalia swali tena hakukubali. Alikuwa sahihi: piramidi hizo zikigandana, jozi mbili za nyuso za jirani zinalala katika bapa moja, kila jozi ikawa uso mmoja. Tengeneza kwa karatasi ngumu uone mwenyewe. Alama za watahiniwa wapatao 240,000 zikapandishwa. Watunzi wale hawakuwa wazembe, na swali lilikuwa limepita mikononi mwa wataalamu kadhaa. Jicho lililoona kosa ni la mtahiniwa, na liliona kwa sababu lilipewa karatasi.

Kwa hiyo ukiniuliza mfano wa mpangilio ninaouamini, ni ule uliomo katika sheria ya Marekani inayosimamia NAEP, upimaji wa taifa wa maendeleo ya elimu. Mtihani huo una maswali mengi ya kurudiwa, na anayeyatoa bila kibali anatenda kosa la jinai. Lakini sheria hiyohiyo inampa mzazi, au mwananchi yeyote, haki ya kuomba kwa maandishi kuona maswali yote, hata yale yanayotumika sasa. Ombi linajibiwa ndani ya siku 45, na anayaona mahali penye ulinzi panapofaa pande zote mbili. Maswali yanayokusudiwa kutumika tena yanaweza kuzuiwa yasisambazwe hadharani, ila kwa muda usiozidi miaka 10 tangu yatumike mara ya kwanza. Unaona ilivyopangwa? Kuona ni haki ya kila mtu, kusambaza kunasubiri, na kusubiri kuna kikomo. Wanaosema haiwezekani waelezwe kwamba imo katika sheria.

Na wewe darasani, mwalimu mwenzangu, usingoje. Popote mitihani iliyopita inapotolewa, fundishia hiyo, lakini kata maswali kwa mada badala ya kuwapa wanafunzi karatasi nzima nzima kila Ijumaa. Mwanafunzi aliyekariri karatasi kumi anajua karatasi kumi tu.

Shikamoo Mwalimu. Tulipotoka kwenye mtihani tuliandika kwenye kundi letu la WhatsApp maswali tunayoyakumbuka. Rafiki yangu anasema ni kosa. Mtihani si ulikuwa umeshaisha? – Mtahiniwa

Marahaba mwanangu. Inategemea kama ulikuwa umeisha kwa kila mtu. Kama watahiniwa wote wanaufanya saa ileile na karatasi mnaondoka nayo, ongeeni mpaka usiku. Kama kuna kundi la mchana au la kesho, au mtihani unafanywa kwenye kompyuta kwa siku tofauti, mmewapa wengine kitu ambacho ninyi hamkupewa.

Mwaka 1994 kampuni moja ya Marekani ya kuandaa watahiniwa iliwatuma watu wake wakafanye kwenye kompyuta mtihani wa GRE, ule wa kuingilia masomo ya uzamili, wakakariri maswali, halafu ikawaonyesha wenye mtihani ni mangapi waliyatoa kwa kichwa tu. Wenye mtihani walilazimika kuusimamisha kwa siku kadhaa, kisha wakaishtaki kampuni hiyo. Kwa hiyo kumbukumbu za watu wachache waliojipanga zinatosha kubomoa benki nzima ya maswali. Mei 2013 mtihani wa SAT, ule wa kuingilia vyuo vya Marekani, ulifutwa Korea Kusini nzima kwa sababu ya maswali yaliyovuja, na walioumia zaidi ni wanafunzi ambao hawakuwa wameona chochote. Soma masharti uliyotia saini kabla ya mtihani. Kama yanakataza, yafute maandishi hayo leo, na umwambie rafiki yako kwamba alisema kweli.

Mwalimu, nahariri jarida dogo la walimu. Nimeletewa karatasi za mtihani wa eneo letu zilizokwisha kufanywa. Zina makosa ya wazi, maswali mengine hayana jibu. Nikizichapisha zote, wazazi wataona ukweli. Unanishaurije? – Mhariri

Usizichapishe zote. Najua jibu hili halitakufurahisha, na najua nia yako ni njema.

Mwalimu mmoja wa Chicago, aliyekuwa mhariri wa gazeti la walimu, alifanya hivyo hasa mwaka 1999. Alichapisha mitihani 6 ya bodi ya shule za jiji lile ili kuonyesha ubovu wake. Bodi ikamshtaki kwa kukiuka hakimiliki, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaipa bodi haki. Hoja ya mahakama ilikuwa na uzito: kama mkosoaji mmoja ana ruhusa ya kuchapisha 6, mkosoaji wa pili ana ruhusa ya kuchapisha mingine 6, na muda si mrefu yote imekwisha. Lakini mahakama haikusema mitihani isikosolewe. Ilisema mkosoaji anaweza kunukuu kiasi kinachohitajika kuthibitisha hoja yake, na huyu alipita kiasi hicho.

Kwa hiyo chagua maswali mawili au matatu yaliyo mabovu kuliko yote. Nukuu sehemu inayohitajika, eleza kosa liko wapi, wape wenye mtihani nafasi ya kujibu kabla hujachapa, na umwone mwanasheria wa nchi yako kwanza. Swali moja bovu likielezwa vizuri lina nguvu kuliko karatasi sita. Mwaka 2012 hadithi moja ya ufahamu kuhusu nanasi lililoshindana mbio na sungura, iliyokuwa katika mtihani wa darasa la nane wa jimbo la New York, ilijulikana kwa sababu wanafunzi waliisimulia. Maswali yake yalikuwa na majibu ambayo hata watu wazima hawakukubaliana. Ilikuwa hadithi moja tu, na jimbo likatangaza kwamba maswali yake hayatahesabiwa. Kilichonihuzunisha ni kwamba hadithi hiyo ilikuwa imeshatumika katika majimbo mengine kabla ya hapo. Watoto wengi walikuwa wamepimwa nayo kimya kimya.

Kuna pia mshairi mmoja wa Marekani aliyeeleza mwaka 2017 kwamba alishindwa kujibu maswali ya mtihani wa Texas kuhusu mashairi yake mwenyewe. Yeye hakuhitaji karatasi za kuvujishwa. Texas ilikuwa imetoa mitihani hiyo hadharani, naye akaisoma kama mtu mwingine yeyote. Pigania hilo katika jarida lako: andika toleo baada ya toleo ukidai mitihani iliyokwisha kutumika itolewe kwa ratiba inayojulikana. Hiyo ni kazi ya miaka, na inahitaji jarida ambalo halijafungwa na mahakama.

Mwalimu, mimi ni mkuu wa shule. Kila mwaka tunaongezewa kufuli, walinzi na fomu. Je, wizi wa mitihani unapungua kweli? Na msimamizi afanye nini mtoto akinyoosha mkono akasema swali lina kosa, maana haruhusiwi kulisoma? – Mkuu wa shule

Kufuli zinamzuia mwizi wa nje. Hazimzuii mwenye ufunguo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 huko Atlanta, Marekani, uliwataja waelimishaji 178 katika shule 44 waliohusika na udanganyifu katika mtihani wa mwaka 2009, wengine kwa kufuta majibu mabaya ya watoto na kuandika sahihi. Walifanya hivyo kwa sababu ajira na sifa zao zilikuwa zimefungwa kwenye alama hizo. Na Aprili 2016 nchini Uingereza mtihani wa tahajia wa watoto wadogo ulilazimika kufutwa, kwa kuwa karatasi halisi ilikuwa imewekwa kwa bahati mbaya kwenye tovuti ya serikali kama karatasi ya mazoezi, ikakaa pale kwa miezi.

Ningekuwa wewe ningewekeza nguvu katika mambo ya kawaida yanayochosha. Bahasha ifunguliwe mbele ya watu wawili wasiotoka idara moja, na saa iandikwe. Walimu wa somo linalofanywa wasisimamie somo hilo. Karatasi za majibu zihesabiwe na kufungwa humohumo chumbani mbele ya watahiniwa, zisipitie ofisi yako hata kwa dakika tano. Hilo la mwisho linakulinda wewe kwanza.

Kuhusu mtoto anayenyoosha mkono: msimamizi asimwambie "nyamaza, endelea". Aandike namba ya swali na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kunakili swali lenyewe, pamoja na namba ya mtahiniwa na saa. Amwambie mtoto ajibu kadiri awezavyo na asipotezee muda wake hapo. Maandishi hayo yaingie katika ripoti ya chumba na yapelekwe siku hiyohiyo kwa wanaosimamia mtihani, kabla usahihishaji haujaanza. Weka nakala. Matokeo yakitoka, waandikie kuuliza swali namba hiyo lilishughulikiwaje.